Nyekundu Iliyobaki Ndani ya Jiko

Kaka yangu mpendwa,

Juzi Leokadia alinipa kazi. Amefungua banda la nyama choma hapa Mazwi, na jiko analotumia ni lile lako la nusu pipa, ulilompa alipoolewa. Rangi yake imechakaa. Akaniletea brashi ya waya na msasa, akasema, "Baba, wewe umestaafu na una subira. Nikwangulie hili nilipake upya." Nikatoa kigoda uani, nikatafuta jua, maana unaijua baridi ya Juni ya huku kwetu, nikaanza kukwangua.

Unanijua nilivyo, siwezi kushika kitu bila kutaka kukieleza. Juu kabisa ilikuwa bluu ya Leokadia mwenyewe. Chini yake ikatoka rangi ya fedha, chini ya fedha nyekundu, chini ya nyekundu kijani, na mwisho ule weusi ulioshikana na chuma. Nilifundisha historia miaka mingi nikiwa na chaki tu. Ningekuwa na jiko hili darasani, wanafunzi wangenielewa mapema.

Weusi ni wa miaka ya shida. Madukani hapakuwa na sabuni, sembuse rangi. Ulikuwa unaomba oili chafu gereji, unachanganya na masizi ya vyungu vya mama, unapaka kwa kitambaa, kisha unawasha moto mpaka ikauke. Mafundi wote wa mjini walifanya hivyo, kwa hiyo majiko yote ya Sumbawanga yalikuwa meusi, na hakuna aliyefikiri kwamba jiko linaweza kuwa vingine. Kijani kilikuja kwa bahati. Ghala la mahindi lilipakwa rangi milango yake, karani akakupa makopo yaliyobaki kwa sababu ulimzibia debe lake la maji. Ukafua majiko ya kijani mpaka makopo yakaisha, na watu wakayaita majiko ya ghalani.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Malori ya Tunduma yakaanza kushusha khanga, betri, sabuni za kunukia, na rangi za makopo, yoyote unayotaka. Wewe ulichagua nyekundu. Jiko lako la mfano, hili hili, lililokuwa likikaa mlangoni pa karakana tangu enzi za oili chafu, ukalipaka upya, na wanawake waliokuwa wakienda mashineni kusaga wakasimama kulitazama. Mama mmoja akakuuliza, "Fundi, hili ni la kupikia au la kuoa?"

"Ukitaka kuliposa, njoo na ng'ombe," ukamjibu, na hukuinua hata macho kutoka kwenye nyundo yako.

Ulikuwa na sheria yako kuhusu rangi. Rangi ya mafuta unaipaka nje tu, kutoka ukingoni kushuka chini. Ndani ya jiko na kwenye wavu unaacha chuma kitupu. Kisha unawasha mkaa kwenye jiko tupu tangu asubuhi hadi alasiri, harufu yote itoke, ndipo mteja alichukue. Nilikuuliza siku moja kwa nini unapoteza mkaa namna hiyo. Ukasema, "Nje ni pa kutazamwa. Ndani panapikwa. Usipachanganye."

Nililisikia hilo kwa masikio yangu, kaka. Siwezi kusema sikujua.

Komunyo ya kwanza ya Leokadia ilipokaribia, nilikuwa nimepewa shule, mwalimu mkuu kijana kuliko wote wilayani, na nilitaka watu waone. Ng'ombe nilimnunua kwa Mzee Masanja, yule Msukuma aliyehamia bondeni kule Kaoze na mifugo yake, naye akaja kwenye sherehe kama mgeni. Wewe ukaniazima jiko lako la mfano. Ukalipiga koti jingine la rangi nyekundu nje, ukalichoma siku nzima kama kawaida yako, ukalileta kwangu Ijumaa. Kisha ukaenda Chala kutafuta mapipa, ukasema utarudi Jumapili moja kwa moja kanisani.

Jumamosi mchana nikalitazama. Nje liliwaka kama ua, lakini ndani lilikuwa na kutu na madoa ya mafuta ya zamani, na wavu ulikuwa mweusi. Nikaona aibu mbele ya wageni ambao walikuwa hawajafika bado. Kopo ulikuwa umeliacha, na rangi ilikuwemo. Nikapaka ndani yote. Nikapaka na wavu, nondo moja baada ya nyingine, taratibu, kama ninavyosahihisha madaftari. Nilifurahi sana na kazi yangu.

Jumapili, mkaa uliposhika moto, rangi ikaanza kuvimba. Kwanza moshi mzito, kisha malengelenge, kisha magamba mekundu yakawa yanabanduka na kung'ang'ania kwenye nyama. Waliokwisha kutafuna wakatema kwenye viganja, kwa adabu, wakitazama pembeni. Mzee Masanja akashika kipande chake, akakinusa, akasema, "Mwalimu, huyu ng'ombe nilimlisha majani. Petroli aliinywa kwako." Watu wakacheka. Mwingine akapaza sauti, "Fundi Desderi, leo umetuchomea mlango?"

Ukaja pale jikoni na koti lako la kanisani. Ukautazama wavu. Halafu ukatazama mikono yangu. Nilikuwa nimenawa kwa mafuta ya taa, lakini chini ya kucha wekundu ulikuwa bado umo. Nilikuona ukiona. Nikaiingiza mikono mifukoni.

Ukawageukia watu, ukasema, "Mnisamehe. Niliharakisha."

Yangeishia hapo, kaka, ningekuwa na kosa la kunyamaza tu. Lakini mimi nilifungua mdomo. Nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, ili wote wasikie, "Basi, tumwache. Fundi naye ni binadamu." Na watu wakanisifu kwa uungwana.

Wakala ugali wa ulezi kwa maharage, wakanywa pombe, wakaondoka. Jumatatu ukaja peke yako na brashi ya waya. Ulilikwangua jiko ndani tangu asubuhi, ukalichoma, ukalikwangua tena. Nilikuwa nyumbani. Nilikusikia kutoka chumbani, nikajifanya nina ripoti ya kuandika. Mke wangu alikupelekea uji, akarudi akaniuliza, "Mbona shemeji hataki kuingia ndani?" Nikamwambia umechoka.

Jina likakushika: Fundi Nyama Rangi. Kwanza lilikuwa mzaha, baadaye likawa sababu ya watu kwenda kwa mafundi wengine. Mwaka haukuisha ukahamishia nyundo zako Chala. Kule ulifua ndoo, mabomba ya kumwagilia, taa za koroboi, kila kitu isipokuwa majiko. Ulinitembelea kila Krismasi na kuku mkononi. Hukuwahi kulitaja. Nilijiambia kwamba umesahau, kwa sababu ilinifaa usahau.

Leokadia alipoolewa ukamletea hili jiko, limepakwa rangi ya fedha, ile inayostahimili moto, nje tu. Nilisimama pembeni yako likishushwa. Ulimwambia, "Mwanangu, hili ndani usiliguse." Hukunitazama. Mashavu yangu yaliwaka kuliko mkaa wote wa Ufipa.

Kwenye msiba wako, pale Chala, mtu mmoja wa Mazwi alisema, "Marehemu ndiye yule wa nyama rangi," na watu wakatabasamu kama wanavyotabasamu misibani. Na mimi nikatabasamu. Nimekaa na tabasamu hilo tangu siku hiyo.

Sasa nikurudishe uani. Nilipomaliza nje nikaliinamisha jiko nisafishe masizi ya ndani. Kwenye pembe, pale ukuta wa pipa unapokutana na kifuniko chake, mahali ambapo brashi yako haikufika, nikakuta nyekundu. Kiasi cha ukucha tu. Ilikuwa na michirizi ya brashi. Mkono wangu, kaka.

Leokadia akatoka, akaiona. Akasema, "Hiyo ndiyo ya baba mkubwa, eti? Alipoharibu komunyo yangu." Alisema kwa upole, anakupenda.

Nikamwambia. Nikamwambia vyote, mpaka kucha, mpaka yale maneno ya 'fundi naye ni binadamu'. Alikuwa amesimama, akakaa chini. Kisha akauliza, "Na yeye alijua?"

"Alijua."

"Na kila Krismasi akaja."

"Akaja."

Akaichukua brashi mkononi mwangu. "Basi hiyo usiitoe," akasema. "Iache hapo. Na wateja wakiniuliza habari za nyama rangi, wanauliza, Baba, mpaka leo, nitakuita wewe uwaonyeshe mwenyewe."

Jana alasiri aliniita mara ya kwanza. Mteja alikuwa mzee mmoja wa rika letu, aliyekuwepo siku ile. Nilimwinamishia jiko, nikamwonyesha, nikamweleza nani alipaka na nani aliomba msamaha. Alitazama ndani, akanitazama, akaenda kuketi mbali nami na sahani yake. Alikuwa na haki.

Nimeahidiwa kuitwa tena. Pumzika, kaka, jina lako nalirudisha kidogo kidogo, mteja mmoja mmoja, na langu nimeliacha pale jikoni.

Mdogo wako,
niliyepaka ndani.