Kichwa cha Nyoka wa Marumaru

Kwa Dada yangu Kesar,

Pokea salamu zetu sote. Sisi wazima; kikohozi cha Baba kimepungua tangu mvua zipungue. Shemeji mgongo umeacha kumsumbua? Na nyati wenu wa maziwa ameshazaa?

Kazi ya hekalu tumeimaliza. Nguzo zote arobaini na nane zimesimama, na hakuna mbili zenye nakshi moja. Yungiyungi linaloning'inia chini ya kuba tulilisafisha kwa maji matupu. Sasa marumaru yake inapitisha mwanga kama ukucha. Asubuhi jua huingia kwa mlango wa mashariki na kutua magotini pa sanamu mpya ya Bwana Parshvanath, mtakatifu wetu sisi Wajaini, aliyekaa chini ya nyoka wake wa vichwa saba.

Ile ya zamani unaikumbuka. Kichwa kimoja cha nyoka kilipovunjika watu walilia kama waliofiwa, maana sanamu yenye kasoro haiabudiwi tena, hata iwe na miaka mia nane. Wakasema Baba, fundi mkuu, alikuwa amelewa. Akanyimwa kazi kila hekalu. Nawe ukamwambia, "Mwanangu humshiki kwa mikono hiyo."

Dada, niliyevunja ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikajitia ufundi wa kuchonga tao lililo juu ya sanamu bila kuruhusiwa, kipande kikamwangukia nyoka. Baba aliposikia mlio alikuja, akaichukua nyundo mkononi mwangu, akaninong'oneza, "Nenda kachote maji." Niliporudi walikuwa wameshamzunguka. Nikanyamaza miaka saba.

Jana ilikuwa siku ya kuombana msamaha. Nikasimama hekaluni, nikasema mbele ya wote. Mzee Bhanwarlal, msimamizi, akaniuliza, "Na baba yako alikuwa akila nini miaka yote hiyo?" Akatoka pekupeku mpaka kwetu, akainama akamshika Baba miguu kumwomba radhi. Baba akanigeukia mimi: "Mpumbavu wewe! Mzigo nilishauzoea, nani kakutuma uutue?"

Lakini leo kaniambia nikuandikie. Hataki umwombe radhi. Anauliza tu mjukuu wake amekuwa mzito kiasi gani, kama bado ataweza kumnyanyua.

Kwa neno, kwa tendo na kwa kimya changu nimekukosea. Nisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Jaswant