Kuku wa shukrani

Sofu, Jumapili, 1974

Na kuku mwenyewe ni mtamu. Hilo ndilo linaloniuma.

Nilitaka kumshukuru karani Mrisho kwa kuniandikia hati ya nyumba hii bila kunizungusha. Nilinunua jogoo Mlandizi. Nikaona nisimpe mkewe kazi, basi jogoo nikamchinja mwenyewe, nikampika kwa nazi, nikawapelekea sufuria nzima.

Mkewe alifunua, akasifu harufu. Kisha akauliza taratibu, "Kachinja nani, shemeji?"

"Mimi mwenyewe."

Mrisho akatazama mkeka.

Miaka yote hii nachimba mitaro na Waislamu. Kila sikukuu wanachinja wao, nami nakula. Najua kabisa. Sijui leo akili yangu ilikuwa wapi. Uchovu tu, au...

Nilipoanza kuomba radhi, Mrisho alinikatiza. "Ndugu Yosefu, nia yako tumeipokea. Siku nyingine mlete hai, nimchinje mimi, tule wote. Ila hiyo sufuria ondoka nayo, unatutesa kwa harufu."

Watoto wakacheka. Mimi nikaifunika sufuria.

Nilirudi kwa njia ya nyuma ili majirani wapya wasinione. Nimenunua hapa nikitaka kuwa mwenyeji, na mtu wa kwanza kumkaribia nimemfanyia hivi.

Kabla sijatoka, mke wa Mrisho alinifungia sahani ya wali, eti nile na kuku wangu. Nimekula wali wao. Wao changu hawakuweza kukila.

Sahani nimeshaiosha. Kesho lazima niirudishe, na haifai kuirudisha tupu. Sasa naogopa hata kufikiria niweke nini.