Bibi Yuko Kibanjani

Mama,

Shikamoo. Ni mimi mkweo wa Muleba, uliyekuwa ukiniita "Mhaya wangu mwenye maringo". Maringo yamekwisha. Juzi nilivaa blauzi kinyume, mishono nje, nikaenda nayo hadi sokoni Nyaishozi na hakuna aliyenishtua. Wewe ungenicheka mpaka ukohoe.

Tangu tukuzike, nyumba imenishinda. Koku anaota meno, hataki kushuka mgongoni. Nikimtua analia, nikimbeba maharage yanaungua. Zamani nilisikia tu, "Mlete huyo," ukampakata, huku unaendelea kumenya ndizi zako. Sikujua kwamba ule ulikuwa msaada. Nilidhani ndivyo nyumba zilivyo.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni Mugisha. Kesho yake baada ya mazishi aliuliza uko wapi. Baba yake akamjibu, "Bibi yuko kibanjani." Wala hakudanganya. Tumekulaza humo humo kwenye kibanja chako, shamba lako la migomba nyuma ya jiko, kando ya baba mkwe. Sote tukaitikia, ndiyo, yuko kibanjani, maana lile neno jingine hakuna aliyetaka kulitamka. Mtoto wa miaka minne akaridhika. Si kila siku ulikwenda kibanjani, na kila siku ulirudi na ndizi mbivu umemfungia kwenye kanga?

Akangoja. Jioni anasimama mlangoni, anatazama migomba. Kisha akaacha, nikamshukuru Mungu, nikasema amesahau.

Kumbe! Siku moja nimeshika panga nikakate ndizi za mchana, akaning'ang'ania sketi, akapiga kelele kama mtu anayechinjwa: "Mama, usiende kibanjani!" Nikamkaripia. Kesho yake vilevile, mpaka akajikojolea. Mama, tumekula ugali siku kadhaa mfululizo, nawe ulikuwa ukisema mtu aliyekula ugali bado hajala chakula. Mikungu inaivia mgombani, ndege wanakula. Kahawa imekuwa nyekundu, hakuna wa kuichuma, baba yao hurudi kazini usiku. Majirani wakasema mtoto amedekezwa na bibi yake. Nami nilikuwa nimeanza kuwaamini, unisamehe.

Jana nikamketisha, nikamuuliza kwa upole anaogopa nini. Akasema, "Bibi alienda, hakurudi."

Nilikaa chini nikalia. Siku ya mazishi sikulia hivyo, nilikuwa na wageni wa kulisha.

Leo asubuhi nikamfunga Koku mgongoni, nikamshika Mugisha mkono, tukaja hapo ulipo. Labda ulitusikia. Nikamwambia, "Bibi amekufa. Aliugua, akafa, tukamzika hapa. Hatarudi. Kibanja hakikumchukua." Nilirudia kwa lugha yako, ile uliyozoea kumsemesha. Alilia sana, nikamwacha alie. Kisha akafuta kamasi kwa mkono wa shati langu, akaniuliza, "Na wewe ukienda utarudi?"

Ungemjibu nini, Mama? Wewe hukukosa jibu hata siku moja. Mimi nilimwambia, "Nitarudi." Tukarudi nyumbani, akabaki mlangoni, uso umekunjamana, lakini hakunishika sketi. Nikaingia kwenye migomba huku naimba kwa nguvu, wimbo wa kanisani, ili anisikie nilipo. Unajua sauti yangu ilivyo. Nikaangusha mkungu mmoja, nikatoka nao kichwani. Akanigusa tumbo, akanigusa mkono, akaona ni mimi kweli. Halafu akaenda kucheza.

Mchana tumekula chakula.

Nimekukosa, Mama. Nimewakosa wengi, lakini wewe nakukosa kila nikitaka kumtua mtoto.

Buriani. Kila siku nitakayojaliwa nitatoka humo mgombani na kurudi kwa watoto, hilo nakuahidi. Na kwa ile siku ambayo sitarudi, nimeshamwambia baba yao: asije akawaambia kwamba niko kibanjani.

Mkweo,
Mama Mugisha