Maneno Niliyoyafuta Katika Kaye Zako

Mama,

Kichanja chako cha kukaushia samaki kingali kimesimama. Mama Mwamini ndiye anakitumia sasa. Aliniomba ruhusa, nikamwambia jirani mliyekula naye sahani moja miaka yote haombi ruhusa. Riziki, mdogo wangu, amezaa mtoto wa kike. Tumempa jina lako, Faida. Jina zuri hivyo, na sisi tulikuwa karibu kulisahau, maana tangu nilipozaliwa kijiji chote cha Nyangwe kilikuita Mama Sifa.

Mimi ningali mjini Kasongo, kwenye ile biro ya maji, ofisi ya kupima mito. Nakuandikia kwa sababu kuna neno nilipaswa kukuambia ukiwa hai, na sikulijua mpaka ulipokuwa umekwenda.

Unakumbuka siku nilipokuletea ubao wa namba, ule wa kusimamishwa majini? Biro ilitafuta mtu wa kusoma kimo cha mto Lualaba kila asubuhi. Nikasema mama yangu iko pale pale, anashuka mtoni kila siku kungojea mitumbwi ya samaki. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Miye nisome muto? Tangu lini muto ikakuwa kitabu?" Lakini ulikubali, na hukuruka asubuhi hata moja bila sababu. Na sababu uliiandika. Shida yetu ilianzia hapo.

Kila mwezi kaye yako, lile daftari la namba, ilinifikia kwa moto, pikipiki za abiria, imefungwa ndani ya plastiki, inanuka moshi. Mwenzangu aliingiza kila kitu kwenye ordinatere, ile kompyuta yetu, jinsi alivyokikuta, mwezi mmoja kolone moja, safu yake yenyewe. Kando ya namba ulikuwa umejaza maneno. "Leo nilichelewa, tulikuwa ku kilio." "Maji iko na udongo mingi." "Kiboko amelala karibu, nimesoma kwa mbali." Wenzangu walikuwa wanayasoma kwa sauti na kucheka, si kwa ubaya, lakini nikaona haya. Nikaandika skripti. Ni orodha ya amri, Mama: unaiandika mara moja, na ordinatere inaifuata kila unapoiita. Yangu ilisema: shika namba, futa maneno. Kwa kufumba na kufumbua kolone zote zilikuwa safi. Nilijivuna.

Kisha nikaja Nyangwe kukufundisha. Mimi, kukufundisha wewe! "Mama, andika namba tu. Hadithi tuachie."

Uliniangalia. "Na kama kuna kitu ya kusema?"

"Biro haihitaji."

"Sawa, mama," ukasema. Ulikuwa unatuita mama sisi binti zako ukiumia na hutaki ugomvi. Nililisikia lile neno vizuri. Nikajifanya sikulisikia.

Tangu pale kaye zilikuja safi. Hata nilikusifu.

Halafu ile homa. Moto iliyonibeba ilinasa katika matope mara mbili njiani, na nilipofika walikuwa wamekwisha kukuosha. Riziki alikuwa amekufunga kile kitenge cha kijani. Mama, hapa siwezi kuendelea, niache nipite.

Kiangazi hiki shefu wetu wa biro alifungua kolone za vijiji vyote, apate kuamua wapi patajengwa gati ya mitumbwi mikubwa. Alipofika kwa Nyangwe akasimama. "Ona hapa. Maji yanapanda kwa siku moja, tena mu kiangazi, na hayarudi tena mahali yalipokuwa. Huyu musomaji alibuni. Nyangwe tuifute yote."

Hakujua msomaji ni nani. Mimi nilifungua kaye yako ya mwezi ule, nikaipitishia kidole kutoka juu mpaka chini. Namba, namba, namba. Hakuna neno hata moja. Ilikuwa safi, jinsi nilivyokuagiza.

Nikaomba siku chache, nikapanda moto kwenda Nyangwe.

Mama Mwamini nilimkuta anapasua samaki. Nilipomuuliza hakufikiri hata kidogo. "Ile siku ya gogo! Gogo ilikuja na maji, ikaangusha ubao. Mama yako akaingia, miye nyuma yake, maji mpaka mu kifua. Tukaisimamisha tena. Tukaichimbia sana, gogo ingine isiiangushe. Ikashuka hivi." Akanionyesha mkono wake, kutoka ncha ya vidole mpaka kwenye kiwiko.

Ubao ukizama, maji yanaonekana yamepanda. Ni hilo tu, Mama. Mstari mmoja ungetosha.

"Sasa mbona hakuandika?"

Akageuza samaki aliyekuwa mkononi. "Alishika biki ya kuandikia. Halafu akairudisha. Akaniambia, Sifa hapendi maneno, nisimupatishe haya kule ku biro."

Nililia pale pale kwenye magamba. Akanishika na mikono yake ya samaki, akaniacha nilie mpaka nikachoka. Baadaye nikatoa utepe wangu wa kupimia, nikaupima mkono wake, kidole mpaka kiwiko. Alicheka. Mimi pia, kidogo.

Niliporudi Kasongo nikaondoa kipimo kile katika namba zako zote za baada ya siku ya gogo. Nikaziweka sambamba na namba za kijiji kilicho juu yetu mtoni. Zikapanda pamoja, zikashuka pamoja, siku kwa siku. Hukuwa umebuni hata moja. Nikamwita shefu, nikamwambia habari ya gogo, kisha nikamwambia msomaji ni mama yangu mzazi, na kwamba amefariki. Akasema, "Pole sana, Sifa. Nyangwe inabaki. Lakini andika kule juu ya kolone kila kitu kimetoka wapi. Usifiche kitu."

Basi nimeandika skripti nyingine. Sasa kila kolone iko na vichwa vyake: jina la mahali, kipimo, nani alisoma, na nafasi ya maelezo. Kaye zako za kwanza niliziingiza upya kwenye ordinatere mimi mwenyewe, neno kwa neno, bila kukusahihisha, na skripti inayachukua maneno na kuyaweka juu ya mwezi wake. Nilipoiita mara ya kwanza nilikaa nikitazama kolone zikijaa: kilio, udongo, kiboko. Pale pa msomaji panasema Faida, Mama Sifa. Juu ya mwezi wa gogo panasema: "Ubao uliangushwa na gogo. Faida na Mama Mwamini waliusimamisha tena, chini zaidi kwa urefu wa mkono wa Mama Mwamini, kidole mpaka kiwiko."

Zimebaki zile kolone safi. Miezi yote ile kati ya siku niliyokukataza na siku uliyolala. Nilihangaika nazo. Sijui asubuhi zipi ulichelewa, wala uliona nini, na hakuna wa kuniambia. Mwishowe nikaweka juu ya kila moja: "Msomaji alikuwa na ya kusema. Binti yake alimkataza." Shefu aliuliza kama nataka kweli ibaki hivyo. Nikamwambia ndiyo, atakayesoma namba hizi ajue kwa nini ziko kimya.

Nisamehe, Mama.

Mama Mwamini ndiye anasoma ubao sasa. Hajui sana kuandika, anamwambia Riziki, na Riziki anaandika. Nimewaambia waandike yote, hata ya mvua, hata ya mtoto kukosa usingizi. Hapa bironi, mbele ya wote, nimeahidi kwamba neno lao halitafutwa nikiwa ningali nakaa kwenye kiti hiki. Nawe nakuahidi hivyo hivyo.

Pumzika, Mama. Asubuhi za muto tumezipokea.

Ni mimi,
Sifa wako