Gauni la Mwanaidi

Jumamosi, Kangle, mtaa wa washonaji. Ule unyevu wa kabla ya mvua umerudi. Kuta za chumba zinatoka jasho, na nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Nimelia tangu mchana, nikanyamaza, nikaanza tena.

Leo ni harusi ya mdogo wangu Mwanaidi, kule Tanga. Sikwenda. Bi Zamda, mwenye duka la Kariakoo ninayemfanyia kazi huku Guangzhou, China, alisema hawezi kuniachia wakati huu wa mizigo ya Idi. Viza yangu inatoka kwenye ofisi yake. Sikubishana.

Mchana Mwanaidi alinipigia kwa video. Alikuwa anajaribu gauni kwa mara ya mwisho, Mama amepiga magoti nyuma yake akimfunga vifungo.

"Dada, tazama! La Bi Zamda hili! Halikupunguzwa hata kidogo. Utadhani nimezaliwa nalo."

Nililijua kabla hajageuka.

Ni langu. Nililichora mimi, nikalikata mimi, na lesi ya mikono niliitafuta kwenye soko la vitambaa mpaka miguu ikavimba. Mwaka jana nilimwambia Mwanaidi kwamba nitamshonea gauni la harusi. Akacheka kwa upole, akasema anataka la dukani, la Bi Zamda, maana la kushonewa na ndugu watu hulijua tu. Nilikuwa nimeshaanza. Nikalimaliza hivyo hivyo kwa uchungu, kwa vipimo vyake ninavyovijua kwa moyo, na upande wa kushoto nikaushusha kidogo, kwa sababu alivunjika bega utotoni na halikurudi sawa. Nikaliacha limetundikwa. Bi Zamda alipokuja akalishusha, akalikunja, akalitia begini pamoja na sampuli nyingine. Kila ninachobuni huondoka hivyo, kisha hushonewa lebo yenye jina lake.

Nyumbani niliwahi kuwaambia kwamba magauni hayo wanayoyasifu kwenye harusi za mjini ni ya mkono wangu. Mjomba akauliza kama na ndege nazo ninazirusha mimi. Wakacheka wote. Tangu siku hiyo, wakiniuliza, nasema nasaidia kufunga mizigo.

Mama alimaliza vifungo, akainuka, akapitisha kiganja kwenye bega la kushoto. Akapitisha tena.

"Huyu Zamda," akasema polepole, "amelijuaje bega la mwanangu?"

"Bahati tu, Mama!" Mwanaidi akacheka. Mashangazi wakaivamia simu kwa vigelegele, ikakatika.

Nilichukua basi mpaka Guangyuan Xilu, barabara ya mabohari ya mizigo. Bi Zamda alikuwa kwenye bohari, amekaa juu ya robota la nguo, anawasimamia wapagazi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Lile gauni la bi harusi wamelipigania dukani. Nataka mengine kama lile, ila bega moja ulilikosea. Linyooshe."

Nikamwambia sikukosea. Nikamweleza lilikuwa la nani, na leo limevaliwa na nani. Akaacha kuwatazama wapagazi. Kwa muda nilidhani ameguswa.

"Basi Mungu amelifikisha kwa mwenyewe," akasema. "Hukufurahi?"

"Nataka jina langu liwemo kwenye nguo, Bi Zamda. Hata chini ya lako."

Alinitazama bila hasira. Afadhali angekasirika.

"Mwanangu, jina lako nani analijua? Watu hawanunui kitambaa, wananunua Zamda. Mimi nimelala kwenye sakafu za mabohari haya wewe hujui hata kutunga uzi. Ukitaka jina, katafute na viza yako."

Nikasema basi, nitatafuta. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. Nikampa ufunguo wa chumba cha kushonea. Akaupokea, akageuka kumkemea mpagazi aliyefunga robota vibaya.

Nilitembea polepole nikitegemea ataniita. Hakuniita.

Niliporudi Kangle, mabosi wa karakana za vyerehani walikuwa wamejipanga barabarani kama kawaida, sampuli mkononi, wakitafuta mafundi wa kutwa. Nilimwuliza mmoja kama anahitaji mtu wa kukata. Akanitazama uso, hakutazama mikono. Akapunga kiganja: meiyou. Hakuna. Nikamwuliza wa pili. Huyo hata kujibu hakujibu. Wa tatu sikumwuliza.

Ninaogopa. Niliandike hivyo hivyo, lisomeke. Bila Bi Zamda sina ruhusa ya kukaa huku, na nyumbani nitarudi kama yule mfunga mizigo aliyeshindwa hata kufunga mizigo.

Nilikuwa nimekaa kitandani na viatu vyangu miguuni ujumbe wa Mama ulipoingia. Haukuwa swali.

"Gauni hili ni mkono wako."

"Ndiyo, Mama."

Kisha akaandika: "Nimeingia chooni nikalia, wasinione. Usimwambie mdogo wako leo, mwanangu. Mwache aolewe."

Nimeusoma mpaka maneno yamepoteza maana. Kwetu kuna mtu mmoja anayejua nguo zangu ni zangu, na jambo la kwanza aliloniomba ni ninyamaze. Siwezi kumlaumu. Ningekuwa na binti mwenye hina mikononi, labda ningeomba hivyo hivyo.

Basi leo nitanyamaza. Watalisifu gauni, watalitaja jina la Bi Zamda, na Mama atakuwa amekaa pembeni anasikia.

Kesho nitampigia Mwanaidi na nitamwambia, Mama apende asipende. Leo aolewe.