Saini ya Daktari

3 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Baba na kikohozi chake hawajaachana. Goti lako linaendeleaje?

Nina ombi. Tunatengeneza programu ya kompyuta itakayomwonyesha muuguzi hatua za tiba mgonjwa anapofika. Kabla ya kuanza, lazima nijue wodini kwako mnafanyaje kazi. Nikusanyie wauguzi niwahoji. Ila wewe usikae nao, tafadhali. Wewe ndiye mkuu wao.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti sasa linatabiri mvua. Njoo Jumatano, watakuwepo wote, hata Spika, ambaye akinong'ona wodi nzima inaamka. Na nitakaa. Siwezi kumwacha mgeni wangu peke yake. Nitajikalia kando na ufumaji wangu, sisemi neno.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na asante kwa mapokezi. Mahojiano yalikuwa mepesi mno. Nilipouliza kama kuna dawa inayotolewa kabla daktari hajasaini, wote walikutazama wewe, kisha wakasema hapana. Spika naye alitikisa kichwa tu. Basi programu tumeifunga hivyo: bila saini, kompyuta haifungui hatua ya dawa.

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, salamu nyingine baadaye. Jumamosi aliletwa mtoto wa degedege. Daktari yuko chumba cha upasuaji, kompyuta inadai saini. Spika akaiacha idai, akamchoma mtoto sindano. Mtoto mzima. Spika amesimamishwa kazi.

Miaka yote, kwenye dharura, tunatoa dawa kwanza, daktari anasaini baadaye. Mimi ndiye niliyewafundisha. Siku ile ya mahojiano niliogopa utaliandika jambo hilo.

Shangazi yako

25 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeumia, sikufichi. Niliwaona wakikutazama, nikaandika hapana hivyo hivyo, kwa kuwa ni wewe. Programu tumeshaibadilisha, dharura haingoji saini tena. Lakini kamati ya hospitali inayochunguza suala la Spika inaniuliza nani alikuwa chumbani siku ya mahojiano, na nani aliianzisha desturi hiyo. Nikinyamaza, Spika anaubeba mzigo peke yake. Nikisema, ni wewe. Nifanyeje?

Mwanao

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Waeleze ulichokiona, kitalingana na nilichowaeleza mimi jana. Nilikwenda mwenyewe, sikungoja kuitwa. Spika anarudi wodini Jumatatu, masikio ya wagonjwa yajiandae.

Ukija kunisalimia usihangaike kupitia hospitali. Niko nyumbani, saa yoyote.

Shangazi yako