Blenda Sita kwa Kadi ya Baba

3 Machi

Baba yangu, shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, ila roho inachemka, na naandika kwa sababu kwenye simu utanikatia.

Jana benki wamenipigia kazini hotelini, nimeshika mashuka ya wageni. Kadi yako ya mkopo ina deni la miezi minane, hulipi wala hupokei simu zao. Nikaomba wanisomee ulichonunua. Blenda sita! Na baiskeli ya mazoezi! Baba, umetengeneza vyombo vya umeme maisha yako yote, takataka unaijua kwa kuishika tu. Blenda sita za nini, unafungua mgahawa? Riba inapanda kila mwezi, na wakienda mahakamani watakuja kubeba vitu. Nimeamua: karakana yako tuipangishe, deni lilipwe. Na usinune.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu, marahaba. Mimi sijambo. Sijanuna, nimekasirika, kuna tofauti.

Karakana huigusi. Ulijifunzia kutembea humo ukishika meza yangu, leo unanipangishia? Nani kakupa ruhusa? Najua ni takataka. Nilifungua moja, waya zake ni aibu tupu. Nyingine ziko kwenye maboksi, sina haja nazo. Kuna binti wa duka linalouza hizo blenda, hunipigia simu kila wiki, anasema kuna ofa, nachukua. Ana adabu zake, usimsumbue. Deni ni langu, nitajua la kufanya. Wewe kafue mashuka.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo. Nimemsumbua.

Namba ya duka walinipa benki. Nilijiandaa kumpa maneno yake mpaka asahau kuuza. Nikasema mimi ni mtoto wa mzee wa blenda. Hata sijaanza, akaniuliza, "Jamani, goti la mzee linaendeleaje?"

Goti gani, Baba? Nilipomuuliza, akanitajia hata dawa zako. Muuza blenda anajua goti lako, mimi uliyenizaa sijui! Nikikuuliza hali unasema "sijambo", yeye unamweleza mpaka dawa unazomeza! Nina hasira naye, nina hasira na wewe, na mimi mwenyewe sijisamehe.

Karakana basi, siigusi. Benki wamekubali kusimamisha riba, tulipe kidogo kidogo, nusu mimi nusu wewe. Blenda uza. Kadi kata. Na unijibu: goti gani?

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu, marahaba. Sijambo. Hapana, si kweli. Ni la kushoto. Niliteleza karakanani mwezi wa kumi, na ngazi za nyumbani nazishuka kinyumenyume. Sikukwambia kwa sababu kila ukipiga unaanza na "Baba, niko kazini". Nimwambie nani, ukuta?

Kadi nimeikata kwa koleo la waya. Blenda mbili nimezibadilisha waya, zimepata wateja. Yule binti akapiga, nikamwambia kadi sina tena. Akasema "haya mzee", akakata, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza namuuliza hali ya mwanawe. Nilikasirika siku nzima.

Alikuwa anapiga Ijumaa, saa kumi jioni. Sasa hiyo saa haina mtu. Piga wewe. Sitakata.

Baba yako